BAGAMOYO NA KARATASI YA BERLIN

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya vita vya Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuilaumu Urusi, nchi 5 zililipinga, na nchi 35 zikajizuia. Tanzania ilikuwa katika hizo 35, pamoja na Uganda na Burundi. Kenya ilikuwa katika zile 141. Tangu siku ile wako wageni waliotuuliza tuko upande gani, na hao hatuna haja ya kuwajibu hapa. Lakini wako pia wenzetu wa kazini, wanachama wazuri wa Chama, waliouliza kwa haki kabisa: Je, huku kutofungamana na upande wowote ni siasa, au ni jina la heshima tu la woga? Hao wastahili jibu.

Jibu letu hatutalitafuta New York wala Geneva. Twalichukua hapa karibu, katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, yaani Bagamoyo na Saadani hadi kufika Pangani. Pwani ile iliwahi kuandikiwa karatasi ya kutoingizwa vitani. Karatasi yenyewe ilitiwa sahihi na dola zote kubwa za wakati ule, na ilipofika siku ya kazi haikuzuia hata mzinga mmoja.

Yafaa kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kutokuwamo ni hali ya nchi ambayo vita havitakiwi kuigusa. Hali hiyo mtu mwingine aweza kukuandikia wewe ukiwa umelala. Kutofungamana ni tendo la mwenye nchi mwenyewe. Yumo duniani, ananunua na kuuza, anasema na kukataa, walakini hajifungi kwa kamba ya mtu. Pwani yetu imeonja yote mawili, na tofauti yake imeandikwa katika mifupa ya watu.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Dola zilizokutana zilikuwa 14, na Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Walisema wanashughulikia bonde la mto Kongo, lakini walipochora ramani ya biashara huria waliipeleka mbali mno na mto wenyewe, ikavuka maziwa makuu, ikateremka mpaka Bahari ya Hindi, na kusini ikafika mdomo wa Zambezi. Hivyo Bagamoyo, ambayo haijapata kuona hata tone la maji ya Kongo, ikawa ndani ya bonde la Kongo. Sura ya tatu ya mkataba ule ilihusu kutokuwamo. Ilisema kwamba dola zitaheshimu hali ya nchi hizi kama mtawala wake akitangaza kwamba hazimo vitani, na kwamba dola mojawapo ikiingia vitani, zile nyingine zitasuluhisha ili nchi hizi zisiguswe, endapo wanaopigana wote watakubali. Msomaji ayaangalie vizuri maneno hayo ya mwisho. Kumbe ulinzi wetu ulitegemea kukubali kwa wale wale ambao tulihitaji kulindwa nao.

Wino haukukauka. Siku ya pili yake, tarehe 27 Februari 1885, Mfalme wa Wajerumani alitoa hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters. Huyu Peters alikuwa amevuka kutoka Unguja mwezi Novemba 1884 akateremkia Saadani, yeye na wenzake watatu, na kwa muda wa majuma machache akakusanya alama za watu juu ya karatasi za Kijerumani katika Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Seyyid Barghash alipinga. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akanyamaza. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani wakaafikiana kwamba Sultani abaki na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu.

Hata ukanda huo haukukaa. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, iendeshe utawala na forodha kwa miaka 50. Watu wa Pangani hawakusomewa mkataba. Waliujua mwezi Agosti, bendera ya kampuni ilipopandishwa. Ndipo zikaanza vita vya Abushiri bin Salim, na Bwana Heri wa Saadani akasimama kwake, na mwezi wa Septemba Bagamoyo ikawaka moto.

Na hapa ndipo twaona dola za Berlin zikionyesha maana ya mkataba wao. Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza zilifunga pwani nzima kwa manowari, Italia na Ureno zikiwa pamoja nazo. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kuzuia silaha. Biashara ile ilikuwa dhambi kubwa, na wako watu wa pwani hii walioifanya. Hatuna sababu ya kuficha. Lakini jahazi zilizozuiwa zilikuwa ni za adui wa kampuni, na silaha za kampuni zilipita. Mei 1889 Hermann von Wissmann, akiwa na askari walioandikwa Misri na Msumbiji, aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Katika vita vile palikuwa na mahali pamoja pasipoguswa, napo panastahili kutajwa. Mapadri wa Kifaransa walikuwa wamejenga misheni Bagamoyo tangu mwaka 1868. Vita vilipozidi, watu kwa maelfu walikimbilia katika uwanja wao, na pande zote mbili ziliwaacha. Tena mapadri hao wakawa wajumbe baina ya Abushiri na Wajerumani. Hakuna mkataba wa Ulaya uliowalinda. Walilindwa na jambo jingine: walikuwa wamekaa na watu wa mji miaka 20, Abushiri aliwajua, naye Mjerumani alimhitaji mtu wa kupeleka maneno. Twaona kwamba kutokuwamo kwao kulishika kwa sababu kulikuwa na faida kwa kila aliyekuwa na bunduki, na kwa sababu wenyewe walikuwapo pale wakikusimamia kila siku.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza alichukua ulinzi wa Unguja na Pemba, Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini, na Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa pwani ambayo miaka miwili nyuma alikuwa ameikodisha tu. Mwaka 1891 makao makuu ya Mjerumani yakahamia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kuzeeka.

Sasa tuje mwaka 1914, maana hapo ndipo karatasi ya Berlin ilipotolewa kabatini.

Mwezi Agosti, vita vilipoanza Ulaya, wa kwanza kuikumbuka alikuwa Mbelgiji. Nchi yake ilikuwa imevamiwa, na hakutaka kupigana Kongo pia. Akawaomba Mfaransa na Mwingereza bonde lote lisiguswe. Mfaransa alisitasita kisha akakataa. Mwingereza hakutaka kabisa, kwa kuwa bandari za Mjerumani na mitambo yake ya simu ya upepo zilikuwa hatari kwa meli zake. Baadaye Mjerumani naye akaomba jambo lile lile kwa kupitia Marekani, wakati alipoona kwamba makoloni yake yamekatwa na bahari. Gavana Heinrich Schnee wa Dar es Salaam aliipenda karatasi ile kwa moyo wake wote, lakini mkuu wake wa majeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuitaka, kwa maana alitaka kuwavuta askari wa Kiingereza waje Afrika ili wapungue Ulaya.

Basi kila mmoja alikumbuka kutokuwamo siku ile alipojiona dhaifu, na alikusahau siku ile alipojiona ana nguvu. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wiki moja baadaye, tarehe 15 Agosti, Wajerumani waliiteka Taveta, upande wa Kenya. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameishambulia Lukuga, katika ziwa Tanganyika, na Mbelgiji naye akayatupa maombi yake akashika bunduki. Mwaka 1916 Mbelgiji huyo huyo aliyeomba amani alikuwa ameingia Tabora.

Palikuwa na mapatano madogo pia. Wakuu wa manowari walikubaliana na Wajerumani wa Dar es Salaam na Tanga kwamba miji hiyo isipigane wala isipigwe. London ikayakataa. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox iliingia Tanga kutoa habari kwamba mapatano yamekwisha, na nyuma yake zikaja meli zilizojaa askari kutoka Bara Hindi. Yaliyowapata katika mashamba ya Tanga yanajulikana. Walishindwa, na baada ya siku tatu wakapakia waliobaki wakaondoka.

Zamu ya Bagamoyo ilikuwa tarehe 15 Agosti 1916. Manowari zilisimama baharini alfajiri zikaupiga mji, kisha wanamaji wakashuka pwani na kuuteka. Mji ule haukuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Ulaya. Wenyeji wake hawakuulizwa mwaka 1885 kama wanataka kuwekwa nje ya vita, wala hawakuulizwa mwaka 1914 kama wanataka kuingizwa.

Na hesabu ya vita haikuwa ya mizinga tu. Pande zote mbili ziliwachukua watu wetu kuwa wapagazi, nao walikufa kwa njaa, kuhara na homa kwa makumi ya maelfu, wengi wao bila kaburi. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayekwenda kununua mchicha wake Kariakoo anakanyaga mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi hao. Jina la soko ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, kama ndimi za wazee wetu zilivyolipokea. Hilo ndilo tulilopata katika kutokuwamo kwa kuandikiwa.

Miaka hamsini ikapita. Mwaka 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, tulitiwa katika mtihani mwingine, na safari hii mwenye nchi alikuwa ni sisi. Wajerumani wakati ule walikuwa na dola mbili. Zanzibar ilikuwa imeitambua ile ya Mashariki. Ile ya Magharibi ilikuwa na kanuni kwamba rafiki yake hawezi kumtambua yule mwingine, nayo ndiyo iliyokuwa ikitusaidia kijeshi. Februari 1965 Serikali yetu ilikubali Ujerumani ya Mashariki ifungue ofisi ya konseli Dar es Salaam, bila kuipa ubalozi kamili. Bonn ikauondoa msaada wake wa kijeshi mara moja. Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba, ikiwa msaada una kamba ya namna hiyo, basi wachukue na ule mwingine wa serikali yao. Mafunzo ya jeshi tukayatafuta Kanada, na China pia, kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo, tarehe 15 Desemba 1965, tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, kwa kulitii azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nchi nyingi zilizolipitisha azimio lile hazikulitekeleza. Sisi tulikosa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao ulikuwa umekwisha kukubaliwa, na uhusiano haukurudi mpaka 1968. Tusiseme kwamba fedha hizo hazikuwa na maana kwetu. Zilikuwa nyingi, na nchi ilikuwa maskini, na wapo waliosema wakati ule, wala hawakuwa wasaliti, kwamba ujasiri huu ni ghali. Ulikuwa ghali kweli. Ndiyo tofauti yake na karatasi ya Berlin, ambayo haikumgharimu mtu aliyeitia sahihi hata senti moja.

Tena kutofungamana huku hakukuwa kukaa katikati ya mwizi na mwenye mali. Bagamoyo yenyewe ni shahidi. FRELIMO walikuwa na kambi yao pale, na tangu 1970 shule yao ya sekondari, ambamo vijana wa Msumbiji walisoma mpaka nchi yao ikawa huru mwaka 1975. Bunduki za wapiganaji wao zilitoka China na Urusi, na fedha za elimu yao zilitoka Sweden. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO. Tungekuwa na siasa ya kutokuwamo ya mwaka 1885, tungeifunga ile shule tukasema haituhusu.

Kadhalika katika njia ya kwenda Zambia. Benki ya Dunia ilisema reli haifai. China ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 reli ya kilomita 1,860 ikajengwa kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Barabara iliyokwenda sambamba nayo ilisaidiwa na Wamarekani, na bomba la mafuta lilijengwa na Waitalia. Hayo yote matatu yapita nchi moja, na hakuna aliyempa mwenzake ruhusa. Ni kweli kwamba katika miaka iliyofuata tuliielemea China zaidi kuliko tulivyopenda kukiri, na reli yenyewe haijapata kubeba mizigo iliyokusudiwa. Lakini Aprili 1970, nchi zisizofungamana zilipokuja Dar es Salaam kutayarisha mkutano wao mkuu, zilikuja katika nchi iliyokuwa imekwisha kulipa ada yake.

Leo mizani inahama tena. Dola tulizozijua zimechoka kidogo, nyingine zimenenepa. Shaba ile ile ya Zambia na Kongo inagombewa: Marekani na Ulaya zinaisukuma iende magharibi kwa reli ya Lobito, na China, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Beijing mwezi Septemba 2024 mbele ya Rais Samia na Rais Hichilema, inataka kuifufua TAZARA ije mashariki. Wapo wanaofurahi kwamba wachumba ni wengi. Nasi twafurahi, ila twakumbuka kwamba mwaka 1884 pia walikuwa wengi.

Turudi basi Bagamoyo, katika ghuba ya Mbegani. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam, makubaliano ya kujenga bandari kubwa pale yalitiwa sahihi na kampuni ya China Merchants. Mwaka 2014 mfuko wa akiba wa serikali ya Oman ukajiunga. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Mtu anayeijua Kaole, hatua chache kutoka hapo, hawezi kukosa kutabasamu: katika magofu yale ya karne ya 13 vimeonekana vyombo vya udongo vya Kichina, na ukoo unaotawala Oman ndio uliotoa masultani wa Unguja. Marafiki wa zamani walikuwa wamerudi, safari hii na mkataba.

Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi tarehe 16 Oktoba 2015. Mwaka uliofuata Serikali ya Rais Magufuli iliusimamisha mradi, na Juni 2019 Rais mwenyewe alieleza kwa nini: kati ya masharti aliyoyataja ni dhamana ya miaka 33 na kukodisha ardhi kwa miaka 99. Aliyakataa kwa maneno makali, kwa namna yake. Juni 2021 Rais Samia alisema mazungumzo yatafufuliwa. Wako wanaoona kwamba kukataa kule kulitupotezea bandari, na wako wanaoona kwamba kulituokoa. Sisi twaona kwamba lilikuwa tendo la mwenye nchi, na kwamba kurudi mezani kuzungumza nako ni tendo la mwenye nchi, kama akirudi akijua anachokidai.

Wala neno hili si la Mchina peke yake. Oktoba 2023 sehemu ya bandari ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa DP World ya Dubai kwa mkataba wa miaka 30, baada ya ubishi mkubwa nchini. Wengine waliulaumu ubishi ule. Sisi twasema ulikuwa wa afya. Mwaka 1888 haukuwapo. Aliyekodisha alikuwa Unguja, aliyekodi alikuwa Berlin, na waliokodishwa walikuwa wakivua samaki. Tangu 2017 tunayo sheria inayolipa Bunge nguvu ya kutazama masharti mabaya katika mikataba ya mali asili. Pwani nayo ni mali, na kina cha maji ya Mbegani ni mali, hata kama hakichimbwi kama dhahabu.

Kwa hiyo wenzetu waliouliza kama kura ya 2022 ilikuwa siasa au woga, sisi twawajibu hivi: Haitajulikana kwa kura ile. Kujizuia New York hakugharimu kitu kikubwa. Itajulikana hapa pwani, siku mmoja wa wakubwa hawa atakapoleta fedha na sharti pamoja, na kutaka tusizungumze na mwenzake.

Nasi tuna ombi moja kwa Chama na Serikali. Mkataba wa Mbegani utakapoandikwa upya, na mwenye fedha awe ni yeyote, uandikwe kwa Kiswahili, na matawi ya Zinga, Pande na Mlingotini, ambako watu walithaminiwa mashamba yao na nyumba zao kwa ajili ya bandari hiyo, yausome kwanza, ibara kwa ibara, pamoja na idadi ya miaka, kabla mtu yeyote hajaitwa kuja kuweka jiwe la pili.